Mikono Ipo, Jina Liko Wapi? Wanawake na Kazi ya Sanamu

Mwaka jana nikiwa TP nilifundisha kidato cha kwanza mada ya shughuli za uchumi katika Afrika kabla ya ukoloni: ufuaji chuma, ususi, uchongaji, ufinyanzi, biashara ya chumvi. Nikawaambia wanafunzi kila mmoja aje na kitu alichokitengeneza kwa mikono yake, tukitumie kama zana ya kufundishia. Walileta walichoweza: kipande cha mkeka, mwiko, gari la waya. Binti mmoja wa dawati la nyuma, asiyeongea sana, aliweka mezani sanamu ya udongo. Ilikuwa ya mwanamke aliyeinama, mtoto mgongoni, mkono mmoja kiunoni kama mtu aliyechoka kulima. Kimo chake kilikuwa kama cha chupa ya soda, lakini ukiutazama ule mgongo unauona uchovu wenyewe.

Niliishika, nikaigeuza huku na huku, halafu neno la kwanza kunitoka mdomoni likawa: "Nani kakusaidia?"

Darasa zima likacheka. Kijana mmoja akadakia, "Ni kaka yake huyo, Madam, anachonga vinyago." Binti akasema hakuna aliyemsaidia, akarudi kukaa. Sikumuuliza tena, na hakuleta kitu kingine hadi nilipomaliza muda wangu na kurudi chuo.

Nimeandika makala haya kwa sababu ya swali lile. Niliporudi nilianza kusoma habari za wanawake wachonga sanamu, mwanzoni kwa kujisafisha tu, nikitaka kuona kama kweli wapo wengi au ni wachache kiasi kwamba mshangao wangu ulikuwa na haki. Nilichokuta ni kwamba wapo, tena wa kutosha. Na karibu kila mmoja wao aliwahi kuulizwa swali langu.

Sanamu haitengenezwi na mtu mmoja

Kwanza tuelewane jinsi kazi yenyewe inavyofanyika, maana wengi wetu tunadhani msanii anachukua jiwe, anagonga, sanamu inatoka. Huko Ulaya karne ya 19, mchonga sanamu alianza na udongo. Alifinyanga umbo, kisha likatolewa kalibu na kunakiliwa kwa plasta. Ile plasta ndiyo iliyopelekwa kwa mafundi. Kama sanamu ni ya shaba, mafundi wa kusubu waliyeyusha shaba na kuimimina kwenye kalibu. Kama ni ya marumaru, mafundi wa mawe walipima plasta nukta kwa nukta, wakachonga jiwe mpaka lifanane nayo. Msanii alisimamia na mara nyingi akamalizia uso na mikono.

Kwa hiyo kazi hii ilihitaji karakana kubwa, mafundi wa kulipwa, na mtaji. Mchoraji anaweza kujificha chumbani na rangi zake. Mchonga sanamu hawezi kuficha jiwe la tani moja. Na kwa sababu mafundi walikuwa wengi, ilikuwa rahisi sana kusema kazi si ya mwenye jina. Kwa wanaume hilo halikusemwa sana, maana utaratibu huo ulijulikana. Kwa wanawake lilisemwa haraka.

Harriet Hosmer, Mmarekani aliyefanya kazi Roma, lilimkuta. Sanamu yake ya malkia Zenobia ilipoonyeshwa London miaka ya 1860, magazeti yalidai kwamba imechongwa na fundi wa Kiitaliano. Hosmer alipambana na madai hayo kisheria. Kisha mwaka 1864 aliandika makala kwenye jarida la Atlantic Monthly akieleza hatua kwa hatua jinsi sanamu inavyotengenezwa na nani anafanya nini, ili msomaji ajue kwamba mafundi wale walitumiwa na kila mtu, wanaume kwa wanawake. Hebu fikiria: ili uaminiwe, inabidi kwanza uwafundishe watu kazi yako.

Edmonia Lewis na lile jiwe la Cleopatra

Roma hiyohiyo alikuwapo Edmonia Lewis. Alizaliwa mwaka 1844 katika jimbo la New York, baba yake mtu mweusi, mama yake mwenye asili ya Waojibwe, wenyeji wa Amerika ya Kaskazini. Wazazi walifariki akiwa mdogo. Mwaka 1859 aliingia chuo cha Oberlin, moja ya vyuo vya mwanzo Marekani kupokea wanawake na watu weusi pamoja na wazungu.

Yaliyompata pale yanamhusu kila mwanachuo. Mwaka 1862 alituhumiwa kuwawekea sumu kwenye mvinyo wasichana wawili wa kizungu aliokuwa akiishi nao. Kabla ya kesi kusikilizwa, watu walimteka usiku, wakampiga na kumwacha uwanjani kwenye baridi. Mahakamani alitetewa na John Mercer Langston, mwanasheria mweusi aliyesoma chuo hichohicho, na kesi ikaanguka kwa kukosa ushahidi. Baadaye akatuhumiwa wizi wa vifaa vya sanaa, nako hakukutwa na hatia. Lakini mwaka 1863 alizuiwa kujisajili muhula wa mwisho. Akaondoka bila cheti.

Alikwenda Boston, akajifunza kwa kutengeneza medali na sanamu ndogo za wapigania uhuru wa watumwa, akaziuza, na fedha hizo ndizo zilizomfikisha Roma. Huko alifanya uamuzi wa ajabu: sehemu kubwa ya marumaru aliichonga mwenyewe, wakati wenzake waliajiri mafundi. Fedha ilikuwa sababu mojawapo. Nyingine ni kwamba alijua kitakachosemwa fundi yeyote akionekana kushika patasi karakanani kwake.

Mwaka 1876 alipeleka kwenye maonyesho makubwa ya Philadelphia sanamu ya kifo cha Cleopatra, yenye uzito unaozidi kilo 1,300. Watu walijaa kuitazama. Baada ya hapo ikapelekwa Chicago, haikununuliwa, na mwenye sanamu hakuwa na uwezo wa kuirudisha Ulaya. Ikapotea machoni. Kwa miaka mingi ilikaa kwenye uwanja wa mbio za farasi ikiwa alama ya kaburi la farasi. Ndiyo, farasi, aliyeitwa Cleopatra. Ikapigwa na mvua na theluji, ikahamishiwa kwenye uwanja wa kuhifadhia vitu, mpaka ilipotambuliwa na kuingia katika makumbusho ya Smithsonian mwaka 1994. Lewis mwenyewe alifariki London mwaka 1907. Oberlin walimtunuku cheti chake mwaka 2022. Sisi tunaolalamika matokeo yamechelewa wiki mbili, tumuombe radhi dada huyu.

Mlango wa shule

Utauliza, kwa nini hawakwenda tu kwenye vyuo vikubwa vya sanaa wakapata sifa kama wanaume? Kwa sababu mlango ulifungwa. Chuo maarufu kuliko vyote Paris, École des Beaux-Arts, hakikupokea wanawake hadi mwaka 1897. Hoja moja iliyotolewa ilikuwa ya maadili. Ili uchonge mwili wa binadamu lazima uusome mwili wa mtu aliye uchi, na eti si heshima mwanamke kukaa darasa moja na wanaume mbele ya mtu wa namna hiyo. Bila somo hilo huwezi kuchonga sanamu kubwa za mashujaa, na bila sanamu hizo hupati tenda za serikali. Kila mlango uliofungwa ulifunga na wa mbele yake.

Camille Claudel, aliyezaliwa Ufaransa mwaka 1864, alisoma kwenye chuo binafsi kilichopokea wasichana, Académie Colarossi. Karibu na mwaka 1884 akaingia karakana ya Auguste Rodin kama msaidizi, akiwa hata hajafika umri wangu wa miaka 22. Alifinyanga sehemu za kazi za Rodin, hasa mikono na miguu. Walikuwa wapenzi pia, na Rodin alikuwa na mwanamke mwingine ambaye hakumwacha. Walipoachana miaka ya 1890, Claudel aliendelea na kazi zake mwenyewe, zikiwemo sanamu ya wacheza dansi na ile ya watu watatu inayoitwa Umri wa Utu Uzima. Wakosoaji waliendelea kumtafuta Rodin ndani ya kila kazi yake. Alichokitoa yeye kwenye kazi za Rodin, hakuna aliyekitafuta kwa bidii ileile.

Tusiseme uongo kwamba aliharibiwa na watu tu. Aliugua kweli. Aliamini Rodin na genge lake wanataka kumwibia na kumuua, akavunja kazi zake nyingi. Aliyemtetea nyumbani alikuwa baba yake. Baba alifariki tarehe 2 Machi 1913, na siku nane baadaye familia ilimpeleka hospitali ya wagonjwa wa akili. Madaktari baadaye walishauri arudishwe karibu na nyumbani. Mama alikataa, wala hakwenda kumtembelea hata mara moja. Camille alikaa huko miaka 30, bila kuchonga tena, hadi alipofariki Oktoba 1943, akazikwa kaburi lisilojulikana. Makumbusho yenye jina lake yalifunguliwa Nogent-sur-Seine mwaka 2017.

Mwalimu wa Harlem

Kwa sisi wa elimu, anayetuhusu zaidi ni Augusta Savage. Alizaliwa Florida mwaka 1892, mahali penye viwanda vya matofali, kwa hiyo udongo ulikuwapo wa bure. Alifinyanga bata na wanyama wengine. Baba yake, mchungaji wa Methodisti, aliona zile ni sanamu zilizokatazwa na Biblia, akawa anamchapa. Aliyebadilisha mambo ni mkuu wa shule. Alikiona kipaji cha binti, akamruhusu awafundishe wenzake ufinyanzi na kumlipa dola 1 kwa siku. Mtu mmoja, uamuzi mmoja.

Mwaka 1921 alifika New York akiwa na dola 4 na senti 60. Akaingia Cooper Union, chuo ambacho wakati huo hakikutoza ada, akamaliza masomo ya miaka minne kwa miaka mitatu. Mwaka 1923 alinyimwa nafasi ya mafunzo ya kiangazi Fontainebleau, Ufaransa, baada ya kamati ya Marekani kugundua kwamba ni mweusi. Hakunyamaza, alilifikisha suala hilo magazetini. Mwaka 1929 sanamu yake ya kijana wa mtaani, Gamin, ilimpatia ufadhili wa kwenda kusoma Paris.

Aliporudi Harlem alifungua studio akaanza kufundisha. Mwaka 1937 akawa mkurugenzi wa kwanza wa kituo cha sanaa cha jamii cha Harlem. Mikononi mwake walipita akina Jacob Lawrence na Gwendolyn Knight. Kwa ajili ya maonyesho ya dunia ya New York ya mwaka 1939 alitengeneza Kinubi: waimbaji weusi waliosimama kwa safu kama nyuzi za kinubi, urefu wake karibu mita 5. Kilikuwa cha plasta, kwa sababu hakukuwa na fedha ya kukisubu kwa shaba. Maonyesho yalipofungwa, hakukuwa na fedha ya kukihamisha wala mahali pa kukiweka. Kikabomolewa kwa matingatinga. Aliporudi kwenye kituo, nafasi yake ilikuwa imeshachukuliwa na mtu mwingine.

Ukisoma maisha haya matatu kwa pamoja unaona sanamu ina maadui wawili. Wa kwanza anakuja kabla haijatengenezwa: shule, fedha, mahali. Wa pili anakuja baada ya kutengenezwa: nani ataitunza, nani ataandika jina. Adui wa pili hatumzungumzii sana.

Huku kwetu: mchongaji na mfinyanzi

Sasa turudi nyumbani, maana kuna mtego ndani ya lugha yetu wenyewe. Kiswahili kina mchongaji na kina mfinyanzi. Mchongaji anaondoa: ana tezo, patasi na gogo la mpingo. Mfinyanzi anaongeza: ana udongo, maji na vidole. Katika jamii zetu nyingi wa kwanza akawa mwanaume na wa pili mwanamke. Halafu cha mchongaji kikaitwa sanaa, kikauzwa kwa watalii, kikapewa jina la kabila na mtindo. Cha mfinyanzi kikaitwa chombo, kikapelekwa jikoni.

Kwa hiyo ukiuliza "wachongaji wanawake wa Kiafrika wako wapi?", swali lenyewe limeshawaacha nje. Nenda Kyela, mwambao wa Ziwa Nyasa, uone vyungu vya akina mama wa Kikisi. Vinajengwa kwa mkono na kusuguliwa mpaka ving'ae. Kujua unene wa ukuta wa chungu, mahali pa kuukunja na muda wa kuuacha ukauke ni ujuzi uleule wa mtu anayefinyanga kichwa cha mfalme. Waswahili wana methali isemayo mfinyanzi hulia gaeni. Naona imewafaa akina mama hawa kuliko ilivyokusudiwa.

Aliyeuvuka mpaka huo ni Reinata Sadimba, Mmakonde wa ng'ambo ya Ruvuma, aliyezaliwa mwaka 1945 katika nyanda za Mueda, Msumbiji. Kwa Wamakonde kuchonga mti ni kazi ya wanaume. Vinyago vya ngoma ya mapiko vilichongwa mafichoni, mwanamke asione. Reinata alijifunza vyungu kwa wanawake wenzake kama wasichana wengine. Baada ya kupitia vita vya ukombozi akiwa upande wa FRELIMO na kuachana na mume, alianza kufinyanga watu: miili yenye chale za Kimakonde, wanawake wanaozaa, vichwa juu ya vichwa. Hakugusa gogo la mtu. Aliuchukua udongo aliopewa kama mwanamke akasema nao yale waliyokuwa wakisema wanaume kwa mpingo. Miaka ya 1980 aliishi na kufanya kazi hapa Tanzania, akarudi Msumbiji mwaka 1992, akapata karakana kwenye makumbusho ya Maputo. Miaka yote hiyo alikuwa jirani yetu, na mimi nimemjua nikiwa mwaka wa tatu chuo.

Magdalene Odundo, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950, alikwenda Uingereza mwaka 1971 akifikiria kazi ya michoro ya biashara. Katikati ya miaka ya 1970 alikwenda Abuja, Nigeria, akajifunza kwa Ladi Kwali, mfinyanzi ambaye picha yake iko nyuma ya noti ya naira 20. Odundo hatumii gurudumu. Anajenga kwa mkono, anasugua, anachoma. Moto wenye hewa ya kutosha unatoa chungu chekundu, na moto uliozibwa ukajaa moshi unatoa cheusi. Vyungu vyake vina shingo, tumbo na nyonga, na havipikiwi chochote. Viko kwenye makumbusho makubwa duniani, na mwaka 2020 Uingereza ilimpa hadhi ya Dame. Ukimtazama, ule ukuta kati ya chombo na sanamu unaanguka wenyewe.

Na Wangechi Mutu, naye wa Nairobi, aliyezaliwa mwaka 1972 na kusomea uchongaji Yale. Mwaka 2019 aliweka sanamu nne za shaba za wanawake walioketi mbele ya makumbusho ya Metropolitan, New York. Ukuta ule wa mbele ulikamilika mwaka 1902 ukiwa na vijishubaka vya kuwekea sanamu, na vilikaa vitupu muda wote huo. Wa kwanza kuvijaza akawa mwanamke wa Kenya.

Lakini nisiwadanganye kwamba kila kitu sasa shwari. Kabla ya Mutu kulikuwa na Rosemary Karuga. Alisoma Makerere kuanzia 1950 hadi 1952, mwanamke wa kwanza katika shule ile ya sanaa, na uchongaji ulikuwa mojawapo ya masomo yake. Baada ya hapo akawa mwalimu wa shule kwa miaka mingi. Alipostaafu ndipo aliporudi kwenye sanaa kwa nguvu, akibandika vipande vya karatasi za sabuni na mifuko ya unga kwa kuwa vifaa vingine vilikuwa ghali. Mwaka 1990 kazi zake zilionyeshwa Harlem, mtaa uleule wa Savage. Ni fahari, ndiyo. Ila najiuliza hiyo miaka ya katikati ingezaa nini kama angekuwa na mahali na malighafi.

Swali la kuuliza

Wanachuo wenzangu, hasa tunaokwenda kushika chaki: hatuna shaba ya kugawa wala karakana. Tuna kitu kimoja, ni lile neno la kwanza linalotutoka mdomoni mtoto anapoleta kazi. Udongo uwahi ungali maji. Mkuu wa shule wa Savage aliuwahi. Mimi nilichelewa kwa maneno mawili tu.

Safari ijayo nitauliza, "Umeanzia wapi, kichwani au miguuni?" Mtu aliyetengeneza kitu kwa mikono yake atakujibu kwa dakika kumi bila kupumua, na asiyetengeneza utamjua bila kumuumbua.

Na kuna jambo sijalisema. Msimamizi wangu alipokuja kunikagua, nilipanga vile vitu vyote mezani na kila kimoja nikakiwekea kadi: "mkeka", "mwiko", "gari la waya", "sanamu ya udongo". Alisimama mbele ya ile sanamu muda mrefu. Zana zangu alizisifia sana, na alama nilipata nzuri. Hakuna kadi hata moja iliyokuwa na jina la mtoto. Mimi ndiye niliyeziandika.